Kulinganisha Chumba na Chumba

Kule Doldol tulilipa shilingi nane kwa mwezi, na bei ilikuwa chini kwa sababu ya harufu. Chumba kilikuwa nyuma ya banda la ngozi. Kilikuwa cha mawe, kikiwa na mabati mapya na mlango uliofunga vizuri, na mahali pengine popote kingekuwa chumba cha mwalimu. Lakini upande wa pili wa ukuta kulikuwa na ngozi za mbuzi zilizopakwa chumvi, zikingoja lori la Nanyuki, na lori hilo lilikuja lilipotaka. Wageni waliotutembelea walisimama mlangoni na kusema habari zao kwa ufupi. Mama alisema ndiyo sababu aliipenda nyumba ile.

Mimi ndiye niliyepaka ngozi hizo chumvi. Shule niliiacha darasa la tano. Karo ilikuwa shida, lakini haikuwa shida ya pekee: dirisha la darasa letu lilitazama barabara. Baada ya hapo niliishi Kianyaga, nikigeuza kahawa kwenye vitanda vya kuanikia. Kule sikulipa kodi. Nililala stoo ya kiwanda bure, mradi mvua ikinyesha niamke nifunike kahawa, kwa hiyo naweza kusema kodi yangu ilikuwa mvua. Kutoka Kianyaga nilikwenda Karatina, halafu Nanyuki, halafu mahali ambapo lori lilikuwa likielekea. Kila mji niliofika niliuliza watu wanalipa kodi gani, hata pale nisipokuwa na nia ya kukaa. Nimegundua kwamba mtu atakutajia kodi yake upesi kuliko umri wake, na ukimwacha aendelee atakutajia pia anachokosa ndani ya nyumba hiyo.

Mama alinifuata Doldol kwa sababu hakuwa na mahali pengine. Shamba letu lilikwenda wakati mashamba yalipounganishwa na kuandikishwa upya. Waliokuwepo waliandikishwa, na baba alikuwa kizuizini. Aliporudi alikwenda kulitazama lile shamba, akarudi nyumbani, akaugua, akafa. Hayo yalikuwa yamepita miaka kumi na kitu, na uhuru ulikuwa umekuja na kuzoeleka.

Kule Doldol mama aliuza chai kwa watu walioleta mifugo sokoni. Sikugundua mapema kwamba macho yake yanakwenda, kwa sababu kazi yake haikuharibika. Alijaza kikombe kwa kusikiliza. Chai ikipanda kikombeni sauti yake hubadilika, na yeye alijua hasa pa kukomea. Wateja walinyamaza alipomimina. Wachungaji wapya walidhani ni heshima ya kwetu, wakanyamaza pia. Siku moja upepo ulipiga mabati, akamimina chai mpaka ikafurika juu ya goti la mzee mmoja, na mimi nikamtazama mama usoni kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu. Mboni zote mbili zilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji.

Nilimpeleka Nyeri, hospitalini. Muuguzi aliyepokea kadi yetu alikuwa mama mnene aliyezungumza bila kuinua kichwa.

"Ni mtoto wa jicho," alisema. "Linapasuliwa, anaona. Daktari wa macho yuko hapa kwa wiki sita, halafu anarudi Nairobi. Hatujui atakuja tena lini. Mnatoka wapi?"

"Doldol."

Hapo aliinua kichwa. "Huyu daktari hapasui mtu wa Doldol."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtu wa Doldol akipasuliwa anarudi Doldol. Anapanda lori, anakula vumbi, anawasha moto wa kuni. Jicho linaoza, halafu anatuletea sisi. Kila wiki tunataka kulitazama hilo jicho, miezi miwili. Niletee mahali pa kukaa hapa mjini, ndipo niandike jina lake."

"Ati nikiwa na rafiki hapa, haitoshi?"

"Rafiki huchoka baada ya wiki mbili. Niletee nyumba."

Mama alikuwa ameketi kando yangu, mikono juu ya mkoba. Kiswahili alikijua cha kuuzia chai tu, lakini hayo aliyaelewa yote. Tulipotoka aliniambia kwa Kikuyu, "Baba, basi tafuta nyumba." Aliniita baba kwa sababu nilipewa jina la babake. Nilimrudisha Doldol, nikashuka tena Nyeri peke yangu kutafuta.

Huko ndiko kulinganisha kulikoanza, na nakiri kwamba nilikufurahia. Nilianzia Gatitu, pembeni mwa mji, kwa sababu niliambiwa ni nafuu. Mkulima mmoja alinionyesha chumba cha mbao karibu na zizi lake. Shilingi ishirini.

"Na maji?" niliuliza.

"Maji ni bure."

"Yako wapi?"

Alinyoosha mkono kuelekea bondeni. Nilitazama mkono wake, kisha bonde, kisha mkono tena. Ulikuwa bado unateremka.

Mjini kabisa, juu ya duka la vitambaa, kulikuwa na vyumba vya mawe vyenye taa ya umeme, shilingi sabini. Taa ilizimwa saa tatu na mwenye duka, ambaye swichi ilikuwa upande wake. Kupika hakukuruhusiwa. Nilimuuliza wapangaji wanakula nini, akaniambia aliyetoka alikuwa akila hotelini. Nilimuuliza aliyetoka amekwenda wapi. Akasema alikwenda kukaa mahali pa kupika.

Jioni nilifika Majengo, mtaa wa Waislamu wa mji ule. Nyumba zake ni za zamani, za udongo na chokaa, zimejengwa na watu waliokuja na misafara na majeshi wakashindwa kurudi. Ndani kuna ukumbi mrefu katikati, na vyumba vimekaa huku na huku vikitazamana. Mwenye nyumba niliyepelekwa kwake alikuwa mjane mwenye umri sawa na mama, amevaa koti la mwanamume juu ya kanga, kwa sababu ya baridi. Babu yake alitoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka changu kikaona haya.

"Wakaaji wangapi?" aliuliza.

"Niko na mama."

"Watoto?"

"Mimi ndio mtoto."

"Jiko la kuni au la makaa?"

"Makaa."

"Pombe?"

"Hapana, Bibi."

Alinisogelea kidogo. "Unanuka nini?"

"Kazi."

"Na kazi hiyo itahamia hapa?"

"Imebaki Doldol."

"Haijabaki yote," alisema, lakini alikuwa ameshatoa ufunguo mfukoni mwa koti. Shilingi thelathini na tano. Mfereji uko uani, choo uani, hospitali ni mwendo ambao mtu aliyeshikwa mkono anaweza.

Nilikaa juu ya jiwe pale nje nikapima mambo kwa haki. Kodi ilikuwa zaidi ya mara nne ya ile ya Doldol. Lakini Doldol maji yalikuja kwa punda na kila debe lilikuwa na bei, na Majengo maji yalitoka ukutani. Kuni za Doldol ziliokotwa, makaa ya Nyeri yalinunuliwa. Doldol hakukuwa na matope, kwa hiyo viatu vilidumu. Nyeri baridi ingedai blanketi la pili, lakini ingezuia nzi. Nilipita juu ya kila kitu hivyo, kimoja kimoja, chumba kwa chumba, na mwisho nikaona kwamba nikipata kazi yoyote mjini tungeweza. Niliridhika sana na hesabu ile. Nilikwenda hospitalini nikatoa jina la mtaa, na muuguzi akaandika jina la mama: Jumanne, baada ya karibu wiki mbili.

Mama alifika siku ya Jumatatu na lori la ngozi, ambalo safari hiyo lilipita Nanyuki likaja kushinda Nyeri siku mbili, akiwa na kitanda chake, sufuria zake na mzigo wa nguo. Mtu wa mkokoteni alituletea mpaka mlangoni. Mwenye nyumba alisimama ukumbini, mikono ndani ya koti, kuona tumeleta nini. Mama aliingia chumbani akakipima kwa mikono: ukuta, dirisha, ukuta, mlango. Alihesabu hatua. Zilikuwa nne kwa tano.

"Ni nzuri," alisema. "Haina harufu." Kisha akageuza uso upande niliokuwa. "Na wewe utalala wapi?"

Nilitazama kitanda, kisha sakafu.

Kwa wale wasiojua: kwetu mwanamume aliyetahiriwa halali katika nyumba ya mamake. Ataingia, atakula, atakaa mpaka chai iishe, lakini kulala ni kwake. Kitanda cha mamake hata hakikalii. Hakuna anayelifikiria jambo hili, kama vile hakuna anayefikiria kwamba hawezi kuingia kanisani bila shati. Na hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Doldol nililala bandani, juu ya ngozi. Mahali pale hapakuwa na bei, kwa hiyo sikupaweka kwenye mizani. Nililinganisha chumba kimoja na chumba kimoja, na miaka yote ile tulikuwa na viwili.

"Hapa," nilisema mwishowe.

"Hapa wapi?"

Mama alitoka, akapapasa mpaka akaupata mzigo wake wa nguo pale ukumbini, akaukalia. "Nitangoja hapa," alisema, "mpaka nyumba yako ipatikane."

Mwenye nyumba aliniuliza kuna nini. Nilimweleza kwa Kiswahili changu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Chumba cha pili kipo," alisema. "Thelathini na tano nyingine."

"Siwezi, Bibi."

"Basi unataka chumba ambacho mtu mmoja analala na wa pili halali."

"Ndio hivyo."

"Tafuta kazi ya usiku."

Alilisema kama mtu anayemwelekeza mwingine dukani. Nyuma ya soko kulikuwa na kiwanda cha mikate, na mikate huchomwa usiku ili watu waikute asubuhi. Nilimtafsiria mama. Alilifikiria akiwa juu ya mzigo wake, wapangaji wakimzunguka na ndoo zao.

"Usiku mimi nalala, wewe uko kazini," alisema. "Mchana mimi niko uani, wewe uko chini, kwenye mkeka."

"Ndiyo."

"Mchana si kulala. Mchana ni kupumzika." Alisimama akaingia ndani. Nikaomba kulala ndani ya lori la ngozi usiku huo na wa pili, mpaka kazi ikapatikana.

Nyapara wa kiwanda alikuwa mtu mrefu mwenye unga kwenye nyusi. "Kila mtu anaomba mchana," alisema. "Wewe unaomba usiku. Uko na maneno gani na polisi?"

"Na polisi sina. Iko na mama."

"Amekufukuza?"

"Bado."

Aliniandika.

Mpango ule ulikwenda vizuri kwa siku tano. Nilirudi alfajiri, nikanywa chai na mama, akatoka kwenda uani kukaa juani na mwenye nyumba, nami nikajinyoosha kwenye mkeka. Jioni nilitoka, yeye akaingia. Chumba hakikupata nafasi ya kupoa. Wakati huo niliamini nimegundua kitu ambacho wenye nyumba wote wa Nyeri walikuwa wanatuficha.

Jumanne mama alipasuliwa jicho la kulia. La kushoto lingengoja hadi daktari arudi, siku isiyojulikana. Walimweka wodini siku kadhaa, halafu muuguzi yule mnene akanikabidhi mama akiwa na bandeji upande mmoja na jicho la maziwa upande wa pili, haoni chochote, na akanipa masharti. Asiiname. Asikohoe. Asikaribie moshi. Dawa ya matone mara nne kwa siku. Na alale chali, kitandani, wiki tatu.

"Mchana pia?" niliuliza.

"Jicho halijui mchana," alisema muuguzi.

Nilimlaza kitandani, nikasimama na mkeka wangu chini ya kwapa. Mama alikuwa amelala chali, mikono kifuani, masikio yakinitazama.

"Sasa tukilala wote wawili," alisema, "ni kulala. Jua likiwa juu au lisipokuwa."

"Najua, mama. Nina rafiki. Nitakuwa naenda kwake."

Sikuwa na rafiki. Nilikuwa na siku kumi na kitu mjini. Asubuhi ya kwanza nililala kwenye nyasi za uwanja wa mpira, mvua ikaja. Asubuhi ya pili nilikwenda hospitalini. Pale pa kungojea wagonjwa wa nje pana mabenchi marefu na paa, na mtu aliyelala pale akiwa na kadi mkononi haulizwi kitu. Nilikuwa na kadi ya mama. Nililala hapo siku nne. Kila saa walipita kuita majina, nami niliamka kila jina kuona kama ni langu, ingawa nilijua siyo. Siku ya tano muuguzi alisimama mbele yangu.

"Wewe unaugua nini?"

"Kodi."

Alinitazama. "Hiyo hatuitibu," alisema, akaenda zake. Lakini hakunifukuza.

Mtu anaweza kuishi hivyo muda mfupi, na muda wangu uliisha wiki ya pili. Nilikuwa nimesimama mbele ya tanuri na koleo refu la kutolea mikate. Naikumbuka ile mikate ikianza kupata rangi. Kitu kinachofuata ninachokikumbuka ni nyapara akininyang'anya koleo, na moshi. Mikate yote ya awamu ile ilikuwa myeusi kama viatu.

"Hii nimeona," nyapara alisema. "Ya pili sitaona, kwa sababu hutakuwa hapa."

Alfajiri nilitembea kurudi Majengo nikiwa na mikate miwili iliyoungua ndani ya gazeti. Kazi ikienda, chumba kinakwenda. Chumba kikienda, mama anarudi Doldol na jicho lililo wazi kwa vumbi. Niliyapanga hivyo njiani na sikuona pa kuyakata.

Mama aliusikia mkate kabla sijaufungua. Alitaka ashikishwe. Alikwaruza ganda kwa ukucha, akanusa kidole.

"Aliyeuchoma alikuwa amelala," alisema.

"Moto ulikuwa mkali."

"Moto ni ule ule wa jana. Rafiki yako anakaa wapi?"

"Karibu na hospitali."

"Jina?"

Nikaanza kutafuta jina. Sauti ikatoka mlangoni, kwa Kikuyu safi, cha ng'ambo ya mto Chania, bila kosa hata moja.

"Rafiki yake ni benchi. Analala hospitali pale wagonjwa wanapongojea. Mke wa fundi wa viatu amemwona mara tatu."

Alikuwa mwenye nyumba, na chupa ya matone mkononi, amekuja kumtia mama dawa ya asubuhi kama alivyofanya kila siku. Mama na mimi tulikuwa tunarudi nyuma kwa haraka, kila mmoja kwa njia yake, kukumbuka tuliyoyasema kwa Kikuyu mbele ya mwanamke yule tangu siku ya mkokoteni.

"Unajua lugha yetu," mama alisema mwishowe.

"Mamangu alikuwa wa kwenu," alisema mwenye nyumba, akiinua bandeji. "Fungua jicho. Na mchuzi wangu haukosi chumvi. Ni nyinyi mmetoka kwenye ngozi."

Alitia matone, matatu, akafuta shavu la mama kwa ncha ya kanga. Mama alimshika mkono asiondoke.

"Dada," alisema, "kwa watu wa mamako, nyumba ni nini?"

"Nyumba ni kuta."

"Kuta za nini?"

"Za ulichonacho."

"Na mlango."

"Na mlango. Na mtu akija, apige hodi."

Mama alilala akilifikiria hilo. Wakati ule nilikuwa nimekaa sakafuni na naona nilisinzia kidogo, maana niliposhtuka mwenye nyumba alikuwa amekwishatoka na kurudi na shuka ya maua, kamba na misumari miwili. Shuka ilitundikwa katikati ya chumba, kutoka dirishani mpaka karibu na mlango. Upande wa mama kulikuwa na kitanda na jiko, ambalo siku hizo liliwashwa uani. Upande wangu kulikuwa na mkeka na mwanga kidogo wa dirisha.

Mama alitoa sheria akiwa amelala chali. Mimi ningerudi alfajiri, nipige hodi kwake, niingie, nimsalimie, ninywe chai, nimpe habari za kazini, niage, nitoke mpaka ukumbini na nifunge mlango. Hapo ningekuwa nimeondoka. Halafu ningeingia mara ya pili, kimya, kwangu. Yeye hangenisalimia safari hiyo.

"Mtu akiingia nyumbani kwake," alisema, "jirani asiyemwona hamsalimii."

"Mlango ni mmoja, mama."

"Mimi naona mlango?"

Nilisema hapana.

Mwenye nyumba alikuwa akiitazama shuka yake. "Sasa mmefanya nyumba mbili ndani ya chumba changu," alisema, kwa Kiswahili, ili niwe ni mimi ninayeambiwa. "Ya pili nani analipa?"

"Bibi, hiyo ukuta ni yako."

"Ndiyo maana nauliza."

Hakuuliza tena.

Tuliishi hivyo. Fundi wa viatu, aliyekaa mlango wa mbele yetu, alinitazama siku nyingi nikiingia, nikitoka, nikifunga, nikisimama kidogo na kuingia tena. Mwishowe aliniuliza kama nimesahau kitu kila siku. Nilimwambia nimekwenda kumsalimia mama, sasa narudi nyumbani. Alisema, "Sawa," akaendelea kupiga msumari. Mimi nililala. Nililala kama gunia. Upande wa pili wa shuka mama na mwenye nyumba walizungumza Kikuyu chini kwa chini, mengi yakiwa juu yangu, nami sikuwa na haki ya kuyajibu kwa sababu sikuwepo. Niliwasikia wakisema ningekuwa nimeoa zamani kama ningekaa mahali pamoja. Niliwasikia wakilinganisha Doldol na Nyeri, na mama akisema Nyeri ni ghali lakini watu wake wako karibu zaidi. Mikate haikuungua tena.

Bandeji ilitolewa, ikawekwa nyingine ndogo, halafu na hiyo ikatolewa. Mama aliona mwanga, kisha rangi. Watu hakuweza kuwatofautisha. Muuguzi alisema hivyo ndivyo inavyokuwa mpaka miwani ije. Miwani ilikuja mwishoni mwa mwezi wa pili. Ilikuwa minene kama kitako cha chupa ya soda, na jicho la kulia lilijaza kioo chote. Muuguzi alimvalisha, akarudi hatua moja.

"Unaona?"

"Wewe ni mnene," mama alisema, kwa Kiswahili chake cha chai.

"Anaona," muuguzi aliandika.

Tulirudi Majengo kwa miguu. Hakutaka kushikwa mkono. Alisimama mara nyingi: kwenye matope, kwenye duka la vitambaa, mbele ya punda. Mimi alikuwa bado hajanitazama, au alikuwa akinitazama ubavuni nikiwa sitambui. Mwenye nyumba alikuwa mlangoni. Walitazamana muda.

"Koti hili ni la mwanamume," mama alisema.

"Lilikuwa," alijibu mwenye nyumba.

Mama alipita, akaenda moja kwa moja hadi chumbani kwa hatua zile zile alizozijua kwa miguu, akafungua mlango. Nilibaki nyuma yake ukumbini. Nilijua sasa atakiona. Aliona kuta zilizobanduka chokaa, kitanda chake, jiko. Aliona shuka ya maua ikining'inia, na chini yake, kwa kuwa ilikuwa fupi, mkeka wangu, viatu vyangu vya kazini na unga ulioanguka. Kutoka kitandani kwake mpaka kwenye mkeka ilikuwa hatua moja na nusu.

Alikaa kitandani, miwani ikielekea huko, kwa muda ambao sikuupenda.

"Tunalipa ngapi?" aliuliza.

Hakuwahi kuuliza. "Thelathini na tano."

"Hii?"

"Zote mbili," nilisema.

Aligeuza miwani kunielekea. Jicho lile kubwa lilianza kwenye nywele zangu, likateremka. Nilikuwa nimekonda kwa tanuri, na nywele za pembeni zilikuwa zimeanza kubadilika, jambo ambalo sikulijua mpaka siku hiyo, kwa kuwa chumba chetu hakikuwa na kioo. Mara ya mwisho aliponiona vizuri nilikuwa napaka chumvi na kuimba.

"Basi si ghali," alisema. Alitengeneza mikunjo ya nguo yake magotini. "Jicho la pili litangoja daktari. Nitakaa hapa mpaka aje. Lakini kuanzia leo naona mlango ni mmoja. Utatafuta chumba."

"Nitatafuta."

"Kesho. Leo toka nje upige hodi. Nataka kukuona ukiingia."

Nilitoka ukumbini, nikafunga mlango. Mwenye nyumba alikuwa amesimama hapo hapo, mikono ndani ya koti.

"Amekufukuza?" aliuliza.

"Hapana. Nimekuja kumsalimia."

Alinitazama shati, akanifunga kifungo cha juu, akasogea kando. Nikapiga hodi.